Jeli ya kubandua risasi ikikugomea: dalili, sababu na la kufanya huku kwetu Nyanda za Juu

Maswali ninayopigiwa simu ni yaleyale, toka Mwanjelwa mpaka Makongolosi. Mtu kapaka jeli jana jioni, asubuhi anakuta bado inanata kama asali. Mwingine imekauka vizuri tu ila akivuta inakatikakatika, mwingine analalamika rangi haijageuka kabisa wakati anajua fika meza ile imemiminiwa risasi (metali ya kwenye betri, sio ya bunduki) miaka na miaka. Mimi kazi yangu ni kusafisha meza za mafundi betri na vyumba vya kuchomea dhahabu, kwaiyo makosa haya karibu yote nimeyafanya kwa mkono wangu kabla sijayaona kwa wenzangu, na mara nyingi jeli yenyewe haina shida, shida iko kwenye kitu ulichokipaka au kwenye hii hali ya hewa yetu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni polima iliyoyeyushwa kwenye maji, nyingi ni polivinili alkoholi (tunaiita PVA), ndani yake kuna kemikali ya kushika metali kama EDTA au asidi ya sitriki, kuna gliserini ya kuifanya iwe laini, na sabuni kidogo ili itambae. Unapaka ikiwa majimaji, inaingia kwenye mikwaruzo, inailowanisha risasi na kuishika, maji yanaondoka, metali inabaki imefungwa ndani ya utando na wewe unaubandua kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nyingine zinawekewa kiashiria, yaani dawa inayogeuka rangi ikikutana na metali fulani, kwaiyo unaona uchafu ulipo kabla hujauondoa. Rangi za kubandua zimetumika sana kwenye mambo ya nyuklia, Wamarekani walizitumia pale Three Mile Island kwenye usafi uliofuata ajali ya 1979. Sisi tunazitumia kwa risasi, na risasi sio ya kuichukulia poa, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 walikufa watoto zaidi ya 400 kwa vumbi la mawe ya dhahabu yaliyokuwa na risasi, yakisagwa majumbani. Watu wa Chunya, mnaoishi na dhahabu, hilo la Zamfara mlisome mara mbili.

Kabla ya yote, tengeneza kigae cha majaribio. Chukua kigae cheupe cha bafuni, upande mmoja uache safi, upande wa pili kwaruza na ule waya wa zamani wa kuchomelea redio wenye risasi (sio ule mpya walioandika hauna risasi). Kila unapofungua ndoo ya jeli, paka kidogo pande zote mbili. Kama jeli ina kiashiria, upande safi usigeuke rangi, upande uliokwaruzwa ugeuke, na vyote viwili vibanduke vizima. Kama kigae kimefaulu na meza imekataa basi tatizo liko mezani, kigae kikikataa tatizo liko kwenye ndoo. Jambo hili dogo linakata nusu ya simu ninazopigiwa, na karibu kila anayenipigia hajalifanya.

Imelala usiku mzima, bado inanata

Hii ndo namba moja huku kwetu, na sababu ya kwanza ni baridi na unyevu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya digrii 10, na jeli hii inakauka kwa maji kuondoka tu, haina kemikali nyingine ya kuigandisha. Hewa ikishaloa, maji hayana pa kwenda. Tukuyu ni balaa zaidi kwa sababu ya mvua, huko unaweza kusubiri siku tatu. Cheki rahisi: gusa sakafu au bati kwa kiganja, kama ni la baridi na lina ule umande usioonekana, usipake. Wanaopaka rangi za vyuma wana kanuni nzuri ya kwamba chuma kiwe angalau digrii 3 juu ya joto ambalo umande unaanza kutua, nasi tuifuate. Paka saa tatu au saa nne asubuhi jua likishawasha bati, usipake saa kumi na moja jioni ukitegemea usiku ukusaidie, usiku wa huku hausaidii.

Sababu ya pili ni unene. Mtu anaona akipaka nene ndo itavuta risasi nyingi, matokeo yake juu inafunga ngozi na chini inabaki uji. Mimi napaka unene wa kadi ya benki ikiwa mbichi, basi. Nikitaka nene zaidi naongeza mkono wa pili, yaani tabaka la pili, baada ya la kwanza kukauka.

Ya tatu, turubai. Watu wanafunika ili vumbi lisiingie (Makambako na ule upepo wao nawaelewa), lakini turubai likigusana na jeli au likiziba hewa, ule mvuke unarudi palepale. Inua turubai juu ya vigingi, acha pande mbili wazi, hewa ipite.

Ya nne, na hii ni kwa wanaojichanganyia wenyewe, gliserini imezidi. Gliserini inavuta maji kutoka hewani, ukiizidisha utando hautakauka hata uwekwe wapi. Ndoo hiyo changanya na jeli nyingine isiyo na gliserini, afu rudi kwenye kigae.

Kuharakisha, tumia feni ya kawaida ikipuliza hewa juu ya meza, isipulize chini kwenye vumbi la sakafu. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba ili jeli ikauke. Nasema hivi nikimaanisha, maana kuna kijana nilimkuta Uyole kafunga mlango na dirisha, jiko katikati ya chumba, kakaa pembeni anaisubiri jeli, anasema kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Ile ni hewa ya mkaa, inaua bila harufu. Tulimtoa nje tukafungua kila kitu. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu kwenye chumba cha namna hiyo toka nje hapohapo na wote mlio nao, na kama mtu amelegea au haamki vizuri mpelekeni hospitali, msisubiri apate nafuu.

Nikipaka tu inakuwa mabonge, kama uji ulioshindikana

Hii inatoka Chunya zaidi, na ilinisumbua muda mrefu sana mpaka nikaielewa. Nilipaka meza ya chumba cha kuyeyushia dhahabu, brashi ya kwanza sawa, ya pili jeli inaanza kuvutika kama kamasi, ya tatu imekuwa mipira mipira inayokimbia brashi. Nikatupa ndoo nzima nikidhani imeharibika. Ndoo ya pili, vilevile. Kumbe kigae nilichokiacha nje kilikuwa kimekauka vizuri kabisa, na mimi sikukitazama.

Ni boraksi. Wachoma dhahabu wanaitumia kuyeyushia uchafu, na ule unga mweupe unabaki kwenye meza, kwenye nyufa, mpaka kwenye kingo za dirisha. PVA ikikutana na boraksi inashikana papo hapo inakuwa mpira, ndo mchezo uleule wa watoto wa kutengeneza ute wa rangi rangi kwa gundi. Na kwa bahati mbaya palepale penye boraksi ndo penye risasi, hasa kwenye vyumba vya kupima dhahabu kwa moto maana wanatumia oksidi ya risasi, huwezi kusema basi hapa paruke.

La kufanya: kwanza futa kwa kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu, boraksi inayeyuka kwenye maji, futa mara mbili tatu kila mara na kitambaa kipya, na vitambaa vyote viingie kwenye mfuko wa taka za risasi kwa sababu vimebeba risasi pia. Usifagie ukavu, hata kidogo. Kisha pitisha kitambaa chenye asidi ya sitriki kidogo, PVA na boraksi vinashikana penye uchachu mdogo, ukiongeza asidi vinaachiana. Acha pakauke, jaribu kipande cha kiganja kimoja kabla ya kupaka meza nzima. Kama bado panaganda tumia jeli ya aina ya lateksi (ya utomvu wa mpira) badala ya PVA, usipigane.

Mabonge yana sababu nyingine mbili ambazo sio za kawaida sana. Moja, ndoo imelala baridini. Wenzetu wa Njombe na Makete hili mnalijua, jeli ya PVA ikiganda barafu ikayeyuka inakuwa kama jibini na hairudi, hiyo ni ya kutupa. Ikiwa imezidiwa na baridi tu bila kuganda inakuwa nzito, iweke ndoo ndani ya beseni la maji ya moto na koroga taratibu, itarudi. Nyingine ni kwa wanaojipikia kutoka kwenye unga: unga unamwagwa kwenye maji ya BARIDI huku unakoroga, ndo unapandisha moto, ukiumwaga kwenye maji ya moto unafunga nje na ndani unabaki mkavu. Na huku juu maji yanachemka kwenye kama digrii 94 hivi, sio 100, kwaiyo ile PVA ngumu inayotaka maji ya moto sana itachukua muda, kuwa mvumilivu tu.

Imekauka lakini inakatikakatika

Mara nyingi ni nyembamba mno, hasa kingoni ambako brashi iliishia. Usianze kukwangua na skrepa! Ukikwangua unatengeneza vumbi la utando lenye risasi, yaani umeitoa mezani umeiweka hewani. Paka mkono mwingine juu yake, ule mpya unauloweka wa chini wanakuwa kitu kimoja, subiri, bandua.

Ikiwa sio wembamba basi imekauka kupita kiasi. Chunya kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi, hewa kavu, ukiacha siku mbili inakuwa kama ganda la yai. Puliza maji kidogo ya vuguvugu kwa chupa ya kupulizia, ukungu tu, subiri dakika kumi, italainika. Ukimwaga maji mengi itayeyuka na risasi itatiririka sakafuni, kwaiyo ukungu tu.

Alafu kuna namna ya kubandua ambayo watu wengi hawaijui. Kabla jeli haijakauka, laza utepe wa bandeji ya kawaida kwenye ukingo mmoja, nusu ndani ya jeli nusu nje, huo ndo mkono wako wa kuvutia. Ukianza kuvuta, vuta kwa kuukunja utando urudi juu yake wenyewe, karibu ulale, taratibu, usivute kwenda juu kama unang'oa gugu. Ukisikia ule mlio wa kuachia, kama tepu inayotoka kwenye boksi, uko sawa. Kunja upande mchafu uwe ndani.

Imeshika, haitoki kabisa

Simenti mbichi isiyopakwa kitu, mbao ambazo hazijapigwa vanishi, plaiwudi. Jeli imeingia ndani ya vitundu ikakaukia humo. Jaribu ukungu wa maji na mkono wa pili kama nilivyosema juu. Ikikataa, loweka kwa vitambaa vya maji ya vuguvugu na kuifuta yote ikiwa laini, umepoteza faida ya kubandua ila hujatengeneza vumbi. Na ukweli ni kwamba ubao uliokunywa risasi miaka kumi hausafishiki, meza ya mbao ya fundi betri mimi naishauri iondoke, sio isafishwe.

Simama hapa: ukibandua na rangi ya zamani ya ukuta au ya mlango ikaja pamoja na utando, acha. Rangi za mafuta za zamani nyingi zina risasi ndani yake, hasa za njano, nyekundu na kijani, na ukiendelea utakuwa umefungua chanzo kipya kikubwa kuliko kile ulichokuja kusafisha. Bandika nailoni na tepu juu ya sehemu iliyofunguka, toa watoto, tafuta mtu mwenye kazi hiyo.

Vishimo, povu, na yale macho ya samaki

Jeli ikijitenga na kuacha miduara mitupu, ni mafuta. Grisi, mafuta ya mashine, hata alama ya mkono uliokula chipsi. Futa na sabuni ya vyombo, suuza kwa kitambaa, rudia.

Povu dogodogo kama soda ni jambo jingine. Mafundi betri wanamwagia magadi soda kwenye tindikali ikimwagika, wako sahihi kabisa, ila ule unga ukibaki mezani jeli yenye asidi ya sitriki inachemka juu yake. Hata simenti yenyewe inafanya hivyo kidogo. Futa na maji kwanza. Lakini kama tindikali ya betri bado iko mezani ikiwa majimaji, usipake kitu chochote mpaka imalizwe na magadi, miwani na glovu vikiwa mwilini.

Rangi haigeuki na mimi najua risasi ipo

Hapa ndo pa kukaa, maana mtu akiona rangi haijageuka anaenda nyumbani akiwa na amani ambayo hana haki nayo.

Kosa linaloongoza ni kutumia jeli moja kwa kazi mbili. Kiashiria tunachotumia sana kwa risasi ni rodizonati, na kinapambana na EDTA kugombea risasi ileile. EDTA ina nguvu, inaishika risasi kabla kiashiria hakijaiona, rangi haitokei. Kwaiyo jeli ya kutafuta isiwe na EDTA, iwe na asidi ya tartariki au sitriki kidogo tu, unaona palipo pekundu, unabandua, ndo unakuja na jeli ya kuondoa yenye EDTA. Watu wanataka kuokoa hela ya ndoo moja na wanaishia kuwa vipofu.

La pili ni kiashiria kufa. Rodizonati ikishawekwa kwenye maji inaanza kuharibika, ikiwa mpya ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea, baada ya saa kadhaa inapauka, kesho yake haifanyi kazi. Changanya kiasi cha kazi ya leo tu, unga mkavu utunze gizani. Kuna duka moja niliwahi kununua unga kwao kumbe umekaa miaka dirishani juani, nilisafisha vyumba viwili nikiamini havina kitu. Nilirudi kuvirudia kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sianzi kazi bila kigae.

La tatu, asidi haitoshi. Penye uchachu mzuri risasi inatoa nyekundu ya waridi mpaka nyekundu kali, uchachu ukipungua inaelekea zambarau au haitokei vizuri, na simenti inakula asidi yako kimyakimya. Cheki na karatasi ya pH, ile ya kupimia uchachu, tunataka karibu na 3.

La nne ni aina ya risasi yenyewe. Ule unga mweupe wa kwenye betri ni salfeti ya risasi, hauyeyuki kirahisi, rangi inaweza kuchelewa sana kuliko kwenye waya wa kigae. Ile kahawia ya rangi ya chokoleti kwenye sahani za betri nayo ni ngumu hivyohivyo. Usiangalie dakika tano ukaondoka, iache jeli mpaka ikauke ndo usome, tena usome chini, upande uliogusana na meza, sio juu tu.

Kama yote haya umeyapita na rangi bado hakuna, hapo bado huwezi kusema pako salama. Rangi ni ya kukuonyesha palipo, haina uwezo wa kukupa cheti. Chukua sampuli za kufuta na uzipeleke maabara, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda hapa Mbeya, uwaulize utaratibu wao kabla hujachukua sampuli.

Imegeuka nyekundu kila mahali

Usiogope kwanza. Huku kwetu sababu ya kawaida ni dawa nyekundu ya sakafu, ile ya kung'arishia na brashi ya kifuu. Inachuja rangi yake ndani ya jeli na unapata waridi nzuri kabisa ya uongo. Futa kona moja na kitambaa chenye maji na sabuni, kitambaa kikitoka chekundu basi jibu unalo. Kutu nayo inatoa kahawia. Baada ya hapo cheki brashi yako na glovu zako, kama ulishika meza chafu kisha ukapaka kigae, wewe ndo umeisambaza.

Ila kuna wakati rangi inatokea mahali ambapo hukutegemea na ni ya kweli. Nyumba moja Mbalizi, baba anatengeneza betri uani, familia inakaa chumba cha nyuma. Nilipaka meza, nikapaka sakafu ya uani, na kwa kuwa jeli ilibaki kidogo nikapaka na fremu ya mlango wa kuingilia chumbani. Meza ilikuwa nyekundu, nilitarajia. Kwenye fremu, kimo cha goti langu na kupanda juu kidogo, vilitokea viduara vya waridi vinne vinne, kimoja kimoja pembeni. Nilivitazama muda. Mama mwenye nyumba alisimama nyuma yangu akasema, "Fundi, hivyo si vidole vya mwanangu?" Hakuna rangi ya sakafu pale, ni fremu ya chuma. Mtoto alikuwa akijishikilia kujifunza kusimama.

Hapo sikuendelea na kazi siku ile. Nilimwambia mama ampeleke mtoto hospitali aombe ushauri wa kupima risasi kwenye damu, nikamwambia na namba ya kukumbuka, mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho mwongozo wa WHO wa 2021 unasema kikifikiwa chanzo kitafutwe na kiondolewe. Ukiona dalili za risasi sehemu mtoto anakogusa, anakolala au anakolia chakula, kazi ya kwanza ni mtoto na sio sakafu. Mtoto anayeumwa tumbo mara kwa mara, anayetapika, aliyelegea au aliyepata degedege, ni hospitali leo, usisubiri umalize kubandua.

Nimebandua mara tatu, bado inaonyesha

Kwenye bati, kigae, chuma kilichopakwa rangi nzima, kila mkono unatakiwa upunguze wekundu uonekane kwa macho. Kama unapungua, endelea. Kama mikono miwili imefuatana na hakuna tofauti, simama ufikiri.

Kwanza viatu. Ndiyo, viatu. Unasafisha meza, unatoka nje kwenye uwanja wa vumbi la betri, unarudi. Au kazi ya kumimina risasi inaendelea chumba cha pili wakati wewe unasafisha cha kwanza, hiyo ni sawa na kudeki mvua ikiwa inanyesha bati likiwa limetoboka. Pili kutu: EDTA haibagui, inashika na chuma, kwaiyo kwenye meza yenye kutu nguvu yake yote inaishia kwenye kutu, na kwenye bati la zinki inaishia kwenye zinki. Ondoa kutu kwa kuilowesha na sio kwa msasa mkavu, au ongeza idadi ya mikono. Tatu ndo simenti yenye nyufa, risasi imeshuka chini ambako jeli haifiki, na hapo jeli imefika mwisho wake. Ni kuziba kwa rangi nzito ya sakafu au kuvunja na kumwaga upya, na kuvunja simenti yenye risasi ni kazi ya watu wenye vifaa, ulizia OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) na NEMC (baraza la mazingira) kanda ya huku kabla hujakodi mtu na nyundo.

Kuna zebaki

Ukiona matone yanayong'aa, au unajua chumba kile wamechomea zebaki, usipake jeli. Haishiki matone, unayafunika tu, na zebaki inatoa mvuke hata kwenye joto la kawaida la chumba. Usifagie, usitumie mashine ya kuvuta vumbi, usiwashe moto. Fungua madirisha, toka, funga mlango unaoingia kwenye nyumba, piga simu kwa wataalamu. Na sufuria ya alumini iliyoguswa na zebaki isirudi jikoni kamwe.

Utando niliobandua niufanyeje

Swali hili linaulizwa mwisho wakati lilitakiwa liwe la kwanza, kwa sababu ile risasi haijaenda popote, imehama kutoka mezani imeingia kwenye mfuko wako. Wengi wanauchoma, kwa vile unafanana na nailoni. Usiuchome, risasi inapanda na moshi na majivu yanabaki nayo. Usiutupe chooni wala mtaroni, PVA inayeyuka kwenye maji na kila ulichokishika unakiachia. Usiufukie shambani. Mfuko mzito, ndani ya mfuko mwingine, ndani ya ndoo yenye mfuniko, uandike kwa wino usiofutika RISASI – SUMU na tarehe, ndoo ikae pakavu pasipofikiwa na watoto wala kuku, kisha ukabidhi kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali, NEMC watakuelekeza nani anacho.

Glovu zinaingia humohumo, vitambaa humohumo, bandeji humohumo. Barakoa iwe ile ya chembechembe inayobana uso, ya kitambaa haizuii kitu. Nguo za kazi zisifuliwe na za watoto. Mimi nina jozi moja ya viatu ambayo haijawahi kuvuka mlango wa nyumba yangu, inakaa kwenye ndoo nje ya geti, na mke wangu akiona mgeni anataka kuisogeza ili akae anamwambia aiache ilivyo.